Kura ya Mbunge na Kauli Zake: Namna ya Kuzipima

Mbunge huacha nyuma yake ushahidi wa aina mbili: kura alizopiga Bungeni, na maneno aliyoyatamka humo ndani, katika mikutano ya hadhara, matangani, redioni na kwenye mitandao ya kijamii. Mpiga kura anayetaka kumpima kwa haki hana budi kuuweka ushahidi huo wote mahali pamoja na kuulinganisha, lakini kazi hiyo haifanikiwi kwa kuhesabu tu ni mara ngapi jina la mbunge limeonekana upande wa walioafiki au wa waliopinga, kwa sababu kura haina maana kamili mpaka ijulikane ni hoja ipi hasa Spika aliyoiweka mbele ya Bunge, katika hatua gani ya mswada, na kwa utaratibu gani wa kuhesabu. Makala hii inaeleza namna ya kuitafuta hoja hiyo, kwa kutumia zaidi mifano ya Kenya, na ya Tanzania pale taratibu zinapotofautiana. Na msimamo wake ni kwamba mwananchi anayelifuatilia jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho humjua mbunge wake kuliko yule anayesoma jedwali la alama za wabunge wote.

La kwanza kubainishwa ni kama kura yenyewe iliandikwa kwa majina. Maamuzi mengi, Nairobi na Dodoma vilevile, hufikiwa kwa kura ya sauti, yaani Spika huwataka wanaoafiki waitikie, kisha wanaopinga nao waitikie, halafu hutangaza upande ulioshinda kwa jinsi alivyosikia. Taarifa Rasmi, ambayo ni kumbukumbu ya majadiliano ya Bunge neno kwa neno, na ambayo wengi huiita Hansard kwa jina la ukoo wa wachapishaji wa London waliochapisha mijadala ya Bunge la Uingereza katika karne ya 19, haiwezi kuonyesha nani aliitikia nini katika utaratibu huo. Katika Taarifa Rasmi za Dodoma msomaji hukuta maneno machache ndani ya mabano, kwamba hoja ilitolewa iamuliwe, kisha kwamba iliamuliwa na kuafikiwa, na kumbukumbu huishia hapo. Kwa hiyo mbunge anayerudi jimboni na kudai kuwa yeye aliukataa mswada uliopitishwa kwa sauti anasema jambo lisiloweza kuthibitishwa wala kukanushwa kwa kura, na mpiga kura hapaswi kulipokea wala kulitupa kabla ya kutafuta ushahidi mwingine.

Ushahidi huo mwingine upo, tena mara nyingi ni mzito kuliko kura yenyewe. Msomaji atazame kwanza kama mbunge huyo alichangia mjadala wakati mswada uliposomwa mara ya pili, yaani pale Bunge linapojadili misingi na madhumuni ya mswada mzima, na kama alipinga misingi hiyo au aliisifu. Kisha atazame hatua ya Kamati ya Bunge Zima, ambapo wabunge wote huketi kama kamati na kupitia kifungu kimoja baada ya kingine, kwa kuwa hapo ndipo marekebisho huwasilishwa kwa maandishi na jina la mwenye marekebisho huandikwa hata kama uamuzi ni wa sauti. Mbunge aliyeandaa jedwali la marekebisho, akalisimamia na kushindwa, ameacha alama ya wazi kuliko aliyekaa kimya kisha akalalamika baada ya sheria kutangazwa. Nchini Kenya, Kanuni za Kudumu, ambazo ni kanuni za ndani zinazoongoza mwenendo wa vikao, zinamruhusu pia mbunge asiyeridhika na tangazo la Spika kudai kura ihesabiwe kwa majina, mradi idadi iliyowekwa ya wenzake isimame kumuunga mkono. Mswada wenye uzito ukipita kwa sauti bila ya mtu kudai hesabu hiyo, ni halali kwa mpiga kura kuwauliza wale wote wanaojiita wapinzani wa mswada kwa nini hawakusimama.

Tanzania inao utaratibu mmoja wa majina ambao kila mwananchi anaweza kuufuatilia kila mwaka, nao ni kura ya Bajeti Kuu mwezi Juni, ambapo Katibu wa Bunge humwita kila mbunge kwa jina naye hujibu. Utaratibu huo unastahili kusifiwa, ila unahitaji kusomwa kwa uangalifu kwa sababu mbili. Kwanza, Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika Ibara ya 90, inampa Rais mamlaka ya kulivunja Bunge iwapo litakataa kupitisha Bajeti ya Serikali, kwa hiyo mbunge anayejibu "Ndiyo" anaweza kuwa anaunga mkono makadirio kwa dhati, na anaweza vilevile kuwa anakwepa uchaguzi asioutaka; jibu moja limebeba mambo mawili. Pili, kura ya Bajeti siyo kura ya kodi. Kodi, ushuru na tozo huwekwa na Muswada wa Sheria ya Fedha, ambao ni muswada tofauti unaofuata baadaye, na mwenye kutafuta msimamo wa mbunge kuhusu tozo katika orodha ya majina ya Bajeti Kuu anatafuta mahali pasipo pake.

Tozo ya miamala ya simu ya mwaka 2021 inaionyesha tofauti hiyo vizuri. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilirekebisha Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa na kuweka tozo ya kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala wa kutuma au kutoa fedha, kutegemea kiasi kinachohusika. Tozo ilianza kukatwa tarehe 15 Julai 2021, malalamiko yakaenea nchi nzima, na Septemba mwaka huohuo Serikali ikaipunguza kwa asilimia 30. Mwananchi anayetaka kujua mbunge wake alisimama wapi hana budi kuanzia kwenye mjadala wa Juni na siyo kwenye kauli za Agosti, kwa sababu mwezi Agosti kila mtu alikwisha kusikia kilio cha wananchi. Aliyeonya mwezi Juni kwamba tozo ingewaumiza watu wanaotumiana fedha ndogondogo, na aliyesema mwezi Juni kwamba ni chanzo kizuri cha mapato ya barabara, maji na shule akaendelea kulisema hilo hadharani mwezi Agosti, wote wawili wamestahili heshima ya kuaminika, ingawa hawakubaliani. Anayetia shaka ni yule ambaye maneno yake yalibadilika bila maelezo mara tu upepo ulipogeuka.

Mfano ulio tajiri zaidi ni Mswada wa Fedha wa Kenya wa mwaka 2024, kwa sababu kura zake zilihesabiwa zaidi ya mara moja na kwa sababu mamilioni ya watu waliufuatilia. Mswada huo ulipendekeza, pamoja na mengi mengine, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwa mkate na kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Tarehe 18 Juni 2024 ilitangazwa kwamba mapendekezo hayo mawili na mengine kadhaa yangeondolewa. Tarehe 20 Juni Bunge la Kitaifa lilipiga kura ya kusomwa mara ya pili, wabunge 204 wakaafiki na 115 wakapinga. Tarehe 25 Juni, baada ya hatua ya kamati, mswada ukapitishwa kwa kura 195 dhidi ya 106, siku ileile ambayo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge na watu kadhaa wakapoteza maisha. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini, akaurudisha Bungeni kwa utaratibu wa Ibara ya 115 ya Katiba ya mwaka 2010, inayomruhusu Rais kurudisha mswada pamoja na hoja zake, akipendekeza vifungu vyake vyote vifutwe.

Kutokana na mfuatano huo, kauli ya "alipiga kura ya ndiyo" haitoshi. Mbunge aliyeafiki tarehe 20 aliafiki misingi ya mswada akijua kwamba mapendekezo ya mkate na magari yalikwisha kuahidiwa kuondolewa, na akisema hivyo ana hoja inayostahili kusikilizwa. Lakini tarehe 25 hoja iliyokuwa mbele yake ilikuwa mswada mzima kama ulivyorekebishwa, vifungu vyote vikiwa vimeandikwa, kwa hiyo utetezi wa kwamba alitarajia mabadiliko zaidi haupo tena. Aliyeafiki tarehe 20 akapinga tarehe 25 huenda alishawishika na yaliyosemwa katika kamati, na huenda alitishwa na sauti za mitaani. Taarifa Rasmi ya siku za katikati ndiyo itakayosaidia kutenganisha mawili hayo. Na yule ambaye jina lake halipo katika orodha yoyote ya siku hizo mbili anadaiwa maelezo kuliko wote. Msomaji anashauriwa aandike tarehe zote tatu, yaani 18, 20 na 25, kisha aweke chini ya kila moja maneno ya mbunge wake ya siku hiyohiyo, na baada ya hapo tu ndipo aongeze aliyoyasema baada ya tarehe 26, wakati ambapo kumsifu Rais kwa kuukataa mswada kuliwagharimu wachache sana miongoni mwa wale 195.

Wananchi wengi huacha kufuatilia mswada unapokwama, na hilo ni kosa linalowanufaisha wanasiasa, kwa kuwa yaliyomo katika mswada uliokwama yanaweza kurudi kwa jina jingine. Tozo ya nyumba nchini Kenya, ambayo ni asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi pamoja na kiasi kama hicho kutoka kwa mwajiri, iliwekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2023. Mahakama Kuu ikatamka Novemba 2023 kwamba iliwekwa kinyume cha Katiba. Nayo ikarudishwa kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu iliyotiwa saini Machi 2024. Vivyo hivyo, baadhi ya mapendekezo ya Mswada wa Fedha wa 2024 yaliingia katika Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kodi iliyotiwa saini Desemba 2024, na si yote yaliyorudi yalikuwa mabaya, kwani miongoni mwake lilikuwamo ongezeko la kiwango cha akiba ya uzeeni kisichotozwa kodi, kutoka shilingi 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Mbunge anayejivunia kuukataa mswada wa Juni aulizwe basi kuhusu Desemba, na anayelaumiwa kwa kura ya Juni aulizwe pia, maana huenda Desemba alifanya kazi ya kuchambua ambayo hakuna aliyeitazama. Kinachofuatwa ni jambo lenyewe, iwe kodi, ardhi, bima ya afya au mishahara ya walimu. Jina la mswada hubadilika.

Kutokuwapo ni suala linalodharauliwa mno, na ni hapa ambapo wabunge wengi hujificha. Mahali ambapo uamuzi hutegemea wingi wa waliopo na kupiga kura, kama Ibara ya 122 ya Katiba ya Kenya inavyoagiza kwa mambo ya kawaida, asiyekuja hupunguza tu nguvu ya upande wake. Lakini mswada wa kubadili Katiba unadai theluthi mbili ya wabunge wote, siyo ya waliohudhuria, na katika Bunge la Kitaifa lenye wabunge 349 bila kumhesabu Spika, theluthi mbili hiyo ni 233. Hapo asiyekuja amepiga kura ya kukataa, hata kama hakufungua mdomo. Mswada wa kutekeleza kanuni ya theluthi mbili ya kijinsia, inayotaka jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wanachama wa chombo chochote cha kuchaguliwa, ulipata kura 195 za kuunga mkono Aprili 2016, na uliporudishwa Mei mwaka huohuo zikashuka hadi 178. Jaribio la Februari 2019 nalo halikuifikia 233. Mswada huo haukuuawa na waliosimama na kuupinga, ambao walikuwa wachache. Uliuawa na walioutazama kutoka nje ya ukumbi, na kati yao wamo waliowahi kuahidi mbele ya akina mama wa majimbo yao kwamba wangeuunga mkono. Hakuna orodha ya kura itakayowaonyesha watu hao upande wa waliopinga, na ni lazima mpiga kura achukue orodha ya wabunge wote na kutoa majina ya waliopiga kura ili abaki na wale wasiokuwapo.

Haki inadai pia kwamba sababu zitafutwe. Mbunge anaweza kuwa mgonjwa, au yuko safarini kwa kazi ya Bunge, au amefiwa. Katiba zenyewe zinakubali udhuru: ile ya Kenya humwondolea kiti anayekosa vikao vinane katika kipindi kimoja cha mwaka bila ruhusa ya maandishi ya Spika wala maelezo ya kuridhisha, na ile ya Tanzania humwondolea anayekosa mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika. Kwa hiyo swali linalofaa kuulizwa ni kama mbunge huyo hukosekana siku za kawaida au hukosekana hasa siku za kura ngumu, na jibu la swali hilo hupatikana kwa kulinganisha siku nyingi, kamwe si kwa siku moja.

Kuhusu maneno yanayosemwa ndani ya ukumbi, yapo mazoea ambayo mgeni wa Taarifa Rasmi anaweza kudanganyika nayo. Katika Bunge la Tanzania mbunge huweza kuchukua dakika zake zote kueleza jinsi barabara za jimbo lake zilivyoharibika, zahanati zilivyokosa dawa na ahadi za miaka iliyopita zilivyosahauliwa, kisha akamalizia kwa kusema kwamba anaunga mkono hoja. Kipande cha malalamiko ndicho kitakachosambazwa jimboni, na kauli ya mwisho ndiyo iliyo na athari katika uamuzi. Hali kadhalika kuna kushika shilingi. Huu ni utaratibu wa Kamati ya Matumizi, yaani Bunge linapoketi kupitia mafungu ya fedha ya kila wizara, ambapo mbunge asiyeridhika na maelezo hutoa hoja ya kuondoa shilingi moja kutoka mshahara wa Waziri ili suala lake lijadiliwe. Ni silaha nzuri ya kuisimamia Serikali, na waliowahi kuitumia vizuri wamewapatia watu wao majibu ambayo barua kumi zisingeyaleta. Lakini mara nyingi shilingi hurudishwa dakika chache baadaye, na msomaji asiridhike na habari kwamba shilingi ilishikwa. Asome hadi pale iliporudishwa, aone Waziri aliahidi nini na kwa muda gani, kisha baada ya miezi kadhaa afuatilie kama mbunge huyo alirudi kulidai.

Maneno ya nje ya ukumbi yana uzito wa aina nyingine. Ndani ya Bunge mbunge analindwa: Ibara ya 100 ya Katiba ya Tanzania na Ibara ya 117 ya Katiba ya Kenya zinahakikisha uhuru wa mjadala, hivyo kwamba hawezi kushtakiwa mahakamani kwa aliyoyasema humo. Anayetoa tuhuma nzito Bungeni kisha akakataa kuzirudia nje, mahali asipokuwa na kinga hiyo, huenda hana ushahidi, au huenda anaogopa kesi ya gharama; yote mawili yanawezekana, na kukataa huko peke yake hakuthibitishi lolote. Matangani na kwenye harambee mbunge husema na watu wanaomjua, kwa lugha ya mahali hapo, na mara nyingi hutoa ahadi asizozitoa Nairobi. Kauli kama hizo zinafaa kuandikwa tarehe na mahali zilipotolewa, kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana, na siyo kwa muhtasari wa aliyezisikia. Kuhusu vipande vya video vinavyozunguka kwenye simu, kanuni iwe moja tu: kama kipande kinatoka Bungeni, Taarifa Rasmi ya siku hiyo isomwe tangu hotuba ilipoanza, pamoja na taarifa za wabunge wengine, miongozo na hoja za utaratibu zilizoingia katikati, kwani mbunge anayesoma maneno ya mwenzake ili ayapinge anaweza kukatwa akaonekana kama ndiye mwenye maneno hayo. Tanzania ilipotangaza Januari 2016 kwamba televisheni ya taifa ingeacha kurusha vikao vyote moja kwa moja, wananchi wengi waliona mlango umefungwa. Mlango huo ulipungua upana, lakini Taarifa Rasmi ziliendelea kutolewa, na anayezisoma hupata mengi kuliko aliyetegemea picha.

Chama nacho lazima kiwekwe katika hesabu. Nchini Tanzania anayepoteza uanachama wa chama chake hupoteza ubunge, kama Ibara ya 71 inavyoagiza, na nchini Kenya chama kinaweza kumwondoa mbunge katika kamati anayoitumikia. Kila chama kina mtu wa kusimamia nidhamu ya kura, anayeitwa kiranja Kenya na mnadhimu Tanzania. Kwa sababu hiyo kura iliyokwenda sawa na chama haielezi mengi kuhusu moyo wa mbunge, ilhali kura moja iliyokwenda kinyume, katika jambo lililomletea hasara ya kisiasa, inaeleza mengi. Hata hivyo kupinga chama siyo wema wenyewe. Anayekiasi chama chake ili kulinda biashara yake amefanya vibaya kuliko aliyekitii, na ndiyo maana Ibara ya 122 ya Katiba ya Kenya inamkataza mbunge kupiga kura katika jambo ambalo ana maslahi ya kifedha nalo. Ipo pia kura isiyoweza kusomwa kabisa, yaani kura ya siri. Katika Bunge Maalumu la Katiba la Tanzania mwaka 2014 wajumbe waliachiwa wachague wenyewe kupiga kura ya wazi au ya siri juu ya Katiba Inayopendekezwa, na aliyechagua ya siri hana namna ya kuthibitisha leo alichokipigia. Katika Seneti ya Kenya, mambo yanayozihusu kaunti huamuliwa kwa kura moja ya kila kaunti, inayopigwa na kiongozi wa ujumbe wa kaunti hiyo, kwa hiyo seneta mteule asilaumiwe kwa kutoonekana katika orodha ambayo hakuwa na kura ndani yake.

Alama za mwaka zinazotolewa na mashirika ya kufuatilia Bunge, kama zile za Mzalendo nchini Kenya, ni msaada mkubwa kwa kuwa zinamwonyesha mwananchi wabunge ambao hawakufungua mdomo mwaka mzima. Zichukuliwe kama mahali pa kuanzia, kwa kuwa kuhesabu michango hakupimi ubora wake: mbunge aliyesimama mara nyingi kuwapongeza viongozi hupata hesabu sawa na aliyesimama mara nyingi kuchambua vifungu. Vilevile miradi ya mfuko wa maendeleo wa eneobunge, basari na madarasa yaliyopakwa rangi yenye jina la mbunge isichanganywe na kazi ya kutunga sheria. Fedha hizo ni za umma, na mtoto aliyelipiwa karo kwa basari mwezi Januari hana faida kubwa ikiwa mzazi wake amepunguzwa mapato na sheria ambayo mbunge yuleyule aliipitisha bila kuisoma.

Kwa utendaji, mwananchi achague jambo moja linalogusa maisha yake, kisha atafute Taarifa Rasmi za siku zinazohusika katika tovuti za Bunge. Nakala za mtandaoni za Kenya hubeba angalizo kwamba zimetolewa kwa ajili ya taarifa tu, na kwamba nakala iliyothibitishwa hupatikana kwa mkurugenzi wa Hansard. Anayekusudia kuitumia katika malalamiko rasmi au mahakamani aombe hiyo. Yakikosekana majina ya kura au mahudhurio, yaombwe kwa barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya Kenya ya mwaka 2016 inadai jibu ndani ya siku 21, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya Tanzania, ya mwaka huohuo, inatoa siku 30. Miswada ya fedha ya Kenya huandikwa kwa Kiingereza cha kisheria kizito, na hakuna aibu kwa kikundi cha kina mama, cha vijana au cha msikiti au kanisa kumwomba mwalimu au wakili wa karibu akisome kifungu kinachohusika na kukieleza kwa Kiswahili mbele ya wote.

Ushahidi ukikamilika, mbunge aulizwe mwenyewe kabla ya kuhukumiwa, na aulizwe kwa heshima na kwa usahihi. Swali la kwamba "kwa nini ulitusaliti" hupata hotuba, lakini swali linalosema "Mheshimiwa, tarehe 25 Juni 2024 jina lako liko kati ya walioafiki, na tarehe 22 ulituambia sokoni kwamba utapinga, ni jambo gani lililobadilika katika siku hizo tatu?" hupata ama jibu ama ukimya, na vyote viwili ni ushahidi unaoweza kuandikwa. Kubadili mawazo si dosari. Mbunge aliyebadilika baada ya kuwasikiliza wapiga kura, au baada ya kusoma taarifa ya kamati, na akaeleza hivyo wakati uleule, amefanya kazi aliyotumwa. Kinachomshusha ni kubadilika kisha kukana kwamba alibadilika.

Wakati wa kuitumia kumbukumbu hiyo huwahi kuliko wengi wanavyodhani. Kenya ina haki ya kikatiba ya kumwondoa mbunge kabla ya muda wake, katika Ibara ya 104, lakini Mahakama Kuu ilifuta mwaka 2017 baadhi ya vifungu vya sheria vilivyoweka utaratibu wake, na Tanzania haina haki hiyo katika Katiba yake. Inabaki kura, na katika majimbo mengi ya nchi zote mbili kiti huamuliwa ndani ya chama chenye nguvu mahali hapo, katika kura za mchujo za Kenya na kura za maoni za Tanzania, miezi kadhaa kabla ya siku ya uchaguzi. Uchaguzi mkuu wa Kenya uko tarehe 10 Agosti 2027, na mchujo hutangulia. Kwa hiyo anayetaka kura za mbunge wake zizungumzwe katika mchujo huo azikusanye na kuzisambaza kabla ya vyama kufungua milango kwa wanaotafuta tiketi, siyo baada ya majina kuchapishwa.